Bei Halisi ya Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mama mkwe anauza bunduki ya marisau ya marehemu baba mkwe. Mitutu miwili, ya tangu enzi za mkoloni. Cheti anacho, kabati la chuma analo, hamu ya kuwinda hana. Anachotaka ni tangi la maji pale kwake Dagoretti Corner. Bwana Ravneet, muuza bunduki wa mjini, ameikadiria: elfu mia moja na ishirini. Shemeji Kiarie, karani wa benki, anasema bei ni nzuri. Kiarie hawezi kutofautisha bunduki na mwiko. Nimeomba wiki moja. Mimi Haron nitaipatia bei yake halisi.

Jumanne, 2 Machi
Nimepata kitabu cha mnada wa Uingereza kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Ukurasa wa arobaini: bunduki iliyochorwa bata ubavuni. Pauni elfu tano! Yetu pia ina bata. Hiyo ni laki saba. Mke wangu Wahu akauliza kama mtengenezaji ni yule yule. Nikamjibu kwamba bata ni bata.

Jumatano, 3 Machi
Kasoro moja tu. Ya kitabuni inang'aa, yetu imefubaa. Mitutu ina madoa, kitako kimelika pale mzee alipokuwa akiegemeza shavu. Nikaenda kwa mama na msasa na kopo la vanishi. Aliuliza mara mbili kama ni lazima. Nikamwambia ni utaalamu. Akafungua kabati, akaketi kunitazama. Nimesugua kwa saa nne nzima. Bata amefifia kidogo, lakini chuma kinang'aa kama sufuria mpya.

Ijumaa, 5 Machi
Dukani kwa Ravneet, na mama, na Kiarie bila kualikwa. Ravneet akavaa miwani, akaivua, akauliza kwa upole ni nani aliyefanya hivi. Nikainua mkono. Akaeleza kwamba wanunuzi wa bunduki za zamani hulipia ile rangi ya kale na mchoro, na vyote nimevisugua. Sasa ni elfu thelathini, pambo la ukutani. Wivu wa biashara! Nikamwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Mama alikuwa akipapasa kitako, polepole.

"Shavu lake lilikuwa hapa, Haron."

Nikamhakikishia kwamba nimeliondoa lote. Kiarie akatoka nje.

Jumapili, 7 Machi
Mama amekataa kuuza. Bunduki imerudi kabatini. Tangi amenunua Kiarie, la lita elfu tatu, la kujionyesha. Wahu haniongeleshi tangu juzi. Sijutii chochote. Laki saba ipo, ila Nairobi haina watu wa kuithamini.

Baada ya ibada, mzee Macharia, jirani yetu hapa mtaa wa Jamhuri, alinidokeza kwamba ana gramafoni ya babake, ya mbao, imechakaa vibaya. Nikamsihi asimwonyeshe mtu mwingine yeyote. Kesho asubuhi nipo kwake, na rangi ya dhahabu.