Rumaisa Avuke Barabara Mwenyewe

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Mimi Uthman wa Kisugu, miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, vita, serikali kadhaa, na daktari aliyesema sitauona Ramadhani. Yeye ndiye hakuuona! Hasira tu sijaizika.

Leo mjukuu wangu Rumaisa kajikwaa mlangoni. Kagoti kamechubuka. Mama yake, Jannat, kapiga kelele kama nyumba inaungua. Dawa, bendeji, mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka tisa mgongoni! Mimi umri huo nilibeba samaki kichwani kutoka bandari ya Port Bell hadi hapa. Labda nilikuwa na kumi na mbili. Haidhuru.

Nikamwambia analea yai, si mtoto. Akajibu, Baba, yai hilo nimelitaga mimi. Ati mimi nikizidi maneno, atamhamishia mtoto kwa wazazi wake huko Kasubi, kwenye ua wenye geti. Kasubi! Nani ataniamkia asubuhi? Rumaisa hupiga magoti kabisa, kama watoto wa Kiganda. Adabu hiyo nimemfundisha mimi. Jannat anasema yeye. Mwongo.

Mwanangu Mubarak, mume wa Jannat, kapiga simu kutoka Juba. Kaamua: wiki hii mtoto aende madrasa peke yake, avuke barabara kubwa mwenyewe. Asipolia, anabaki Kisugu. Akilia, Kasubi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 9 Desemba

Mafunzo. Nimemfundisha kuinua kiganja mbele ya boda na kukaza macho. Jirani Hippolyte, fundi cherehani Mkongo, kacheka hadi miwani ikadondoka. Ati binti yake Huguette huenda mjini kununua uzi tangu ana miaka sita. Nani kamuuliza? Fundi gani huyu, mdomo wake unakwenda kuliko cherehani!

Nikaamua mtoto akamate jogoo wa Hippolyte, apate moyo. Kwanza nikamwonyesha mimi. Jogoo kanidonoa mkono. Sikulia. Vumbi liliingia machoni. Rumaisa kamshika miguu, kamrudisha kwao, kaniletea maji ninawe. Mafunzo yangu yanafanya kazi.

Jumatano, 10 Desemba

Katoka peke yake. Jannat kashika mlango kwa mikono miwili. Nikamkemea, amwache mtoto akomae! Nikakaa barazani kama mwanamume.

Kafika kona. Boda za siku hizi zinaendeshwa na vichaa. Nikaenda nyuma yake, kidogo tu. Akageuka! Nikajitupa nyuma ya magunia ya Saverio, muuza makaa. Mjinga huyo akauliza kwa sauti ya mnadani, mzee, umepoteza nini huko? Nimerudi mweusi hadi masikioni. Jannat kauliza kulikoni. Nimesema nilikuwa nakagua makaa.

Alhamisi, 11 Desemba

Mbinu kubwa. Buibui la marehemu mke wangu Mariamu, na nikabu yake. Nani atanijua? Hata malaika wangeuliza.

Njiani wanawake wawili wakasema nyabo huyu, yaani mama huyu, anatembea kama askari. Wivu. Rumaisa kainua kiganja, kakaza macho, boda zote zimesimama. Kavuka! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikasimama nje ya madrasa kungoja watoke.

Vijana wa boda wakaja. Ati mwanamke huyu amemfuata mtoto tangu kona. Mwizi wa watoto! Wakaniamuru, nyabo, sema wewe ni nani. Niseme vipi, na sauti yangu hii? Mmoja kanikamata mkono. Mwingine kaokota tofali. Ndani ya nikabu jasho linatiririka, natamka shahada.

Watoto wakatoka. Wakamuuliza Rumaisa, unamjua huyu? Kaniangalia usoni, hakuna uso. Kaangalia chini. Nilivaa lugabire zangu, kandambili za tairi, ya kushoto imefungwa waya wa buluu. Waya huo kaufunga yeye kwa mikono yake.

Kapiga magoti palepale vumbini, kasema shikamoo babu.

Kisha akasimama, akamwambia yule kijana, kaka, weka tofali chini, huyu ni babu yangu, huwa anapotea. Anapotea! Mimi! Kanishika mkono, kainua kiganja, kanivusha. Yeye hakulia. Mimi vumbi tena. Vumbi la barabara hii ni baya sana.

Ijumaa, 12 Desemba

Mubarak kasema mtoto amefaulu, anabaki Kisugu. Asiyeweza kuachwa peke yake ni Baba. Jannat kacheka hadi akakaa chini, kisha kamwagiza Rumaisa anipeleke msikitini akinishika mkono! Kaniacha mlangoni, kaniagiza, babu, usitoke hadi nije. Watu wameona. Nimekasirika hadi swala imenipita.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeshinda. Mafunzo yangu, kichwa changu. Kesho Rumaisa anaenda sokoni peke yake kununua sukari, na Jannat mwenyewe ndiye anayemtuma, bila kushika mlango. Huyo ndiye mtoto niliyemlea mimi! Aachwe, akomae.

Kosa lilikuwa viatu tu. Hippolyte ananishonea buibui jingine, refu, linaloburuta chini. Kacheka hadi kajidunga sindano, lakini kesho asubuhi liko tayari.

Asiyeamini haya amuulize Saverio wa makaa, aliniona. Amuulize Hippolyte, kanipima. Hata jogoo wake anajua. Rumaisa asiulizwe. Ataanza habari za vumbi.