Kizuizi cha Mama Belyse

Jumatatu, 9 Juni

Sasa hivi mwanangu Belyse ametafuna nusu ya masharubu yangu. Manyoya ya mbuzi! Nimeyatoa mdomoni kwa kidole, naye anacheka tu. Masharubu ni ya mchezo wa kuigiza. Mimi ni askari! Mchezo wetu hauna viti. Watazamaji wanabeba vifurushi na kutembea nasi, kama watu wanaokimbia vita. Wakifika kwenye kamba yangu ya kizuizi, nawaambia rudi. Neno moja, hata mimi niliyeishia darasa la nne naliweza. Jumamosi tunacheza Mbarara. Sijawahi kupewa kazi yenye koti.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi, Base Camp, kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Vibaya. Cassien, mwenzetu anayeigiza mkimbizi, alikuja na godoro kichwani, akaomba apite, kwa sauti ya huruma kabisa. Nikampisha. Nikamshikia na godoro. Damascène, kiongozi wetu, akauliza huyu ni askari gani anayekaribisha watu kama harusini. Jeannette, mwigizaji mwenzangu, alicheka mpaka akakaa chini. Anataka koti langu, huyo. Damascène amesema nikipitisha hata mtu mmoja Jumamosi, koti ni la Jeannette. Tena watoto wanaonyonya wabaki nyumbani.

Wabaki na nani? Nimepata akili. Koti ni pana. Belyse mgongoni, kitenge, halafu koti juu. Askari gani hana mzigo? Mama alinivusha mpakani hivyo hivyo, chini ya kitenge, na askari hawakuniona.

Jumamosi, 14 Juni

Kamukuzi, Mbarara. Ukumbi umejaa, wengi ni wanajeshi na familia zao kutoka kambi ya jeshi. Nikakunja uso. Mzee mmoja akaomba kupita. Rudi! Akarudi! Damascène akatikisa kichwa kwa furaha. Jeannette akanuna.

Halafu mzigo wangu ukacheka.

Mwanajeshi wa kweli, Kezironi, akanisogelea. "Afande, mzigo yako inacheka." Nikamwambia ni redio. Redio ikaanza kulia.

Mkewe, Enid, naye alikuwa na mtoto mgongoni. Akafika kwenye kamba, akaniita bwana kwa lugha yao. "Ssebo, huyo wako ana njaa. Na wangu pia. Tupitishe, tukae."

Nikafungua mdomo niseme rudi. Mungu wangu, halikutoka. Niliona kitenge chake tu, nikamwona mama.

Nikainua kamba. Enid akapita, Kezironi akapita, yule mzee akarudi mbio. Wote! Wanapiga makofi! Vita vikaisha kabla Damascène hajapiga ngoma za mlio wa risasi. Mimi nikakaa juu ya gunia la mchanga, nikanyonyesha, masharubu usoni. Walinipiga picha.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka misa. Koti ni la Jeannette, na masharubu pia. Limemkaa vizuri, isipokuwa mabegani, na mbele, na nyuma. Leo tunacheza tena. Mimi sasa ni mama mkimbizi, Belyse mgongoni kwa ruhusa. Kazi yangu ni kurudishwa na kulia. Nimemwapia Damascène kwamba kamba sitaigusa.

Sitaigusa! Lakini nyuma ya ukumbi kuna mlango wa jikoni, na hauna askari. Cassien nimeshamnong'oneza. Jeannette akiwa ameangalia mbele, mimi nitawavuta watu polepole, Enid amesema anarudi na majirani zake, na tutapita wote mpaka...

Jeannette anaita huko nje. Anapiga kelele eti Mama Belyse, njoo upesi, masharubu yangu, mtoto wako ame...