Uchovu Wenye Muhuri

Wananchi wote wa Kolwezi, Fungurume, Tenke na vitongoji vyake walijulishwa kwamba kuanzia Jumatatu uchovu si jambo la mtu binafsi tena. Ungedhibitiwa na serikali. Tangazo lilibandikwa kila mahali palipokuwa na msumari, likiwa na mihuri minne, mmoja umegongwa kichwa chini kwa sababu za usalama.

Mwenye tangazo alikuwa Tata Zéphirin Mwamba, mkuu wa Divisheni ya Udhibiti wa Uchovu. Alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili, na cheti kilining'inia ukutani. Huko alijifunza kwamba mtu akifanya kazi nzito, mwili huzalisha chembe haribifu zinazomla ndani kwa ndani kama kutu inavyokula bati, na kwamba matunda yana kitu cha kupunguza kutu hiyo. Hadi hapo hakuna uongo. Mambo yaliharibika ukweli ulipopigwa muhuri.

Kila mchimbaji aliamriwa anywe kichupa cha dondoo la masuku, yale matunda ya porini, kabla ya kushuka shimoni, akiwa wima mbele ya ofisa. Kula suku lenyewe, kulivunja ganda kwa meno na kutema mbegu kama watu walivyofanya tangu utoto, kukaitwa "ulaji wa dondoo lisilodhibitiwa". Ndiyo maana Mwamini, aliyeuza masuku kwa beseni mlangoni pa machimbo, alipewa barua ya kuondoka ifikapo Ijumaa. Lakini kifungu alichokipenda Tata Zéphirin kuliko vyote kilikuwa cha tisa: yeyote atakayepimwa kwa kipimo cha kutu akawaka nyekundu hafai kwa juhudi yoyote, hata kutia sahihi, na ataachia nafasi yake kwa mtu aliye karibu anayewaka kijani.

Ijumaa hiyo hiyo mkaguzi angekuja. Matokeo yakiwa mazuri, Divisheni ingekuwa Kurugenzi, na mkurugenzi hupewa ofisi yenye choo ndani. Tata Zéphirin alikuwa ametumikia serikali miaka kumi na tisa akivuka ua kwenda kuomba ufunguo wa choo kwa idara nyingine. Alikitaka kile choo kwa moyo wake wote.

Jumatano alifanya majaribio. Wachimbaji kumi, wakiongozwa na Sadrack, walipandisha magunia ya mawe kutoka shimoni, kisha mmoja baada ya mwingine wakabanwa kidole na kipimo cha kutu ya mwili. Kijani. Wote kumi, na kwa ajili ya jaribio walikuwa bado hawajanywa tone. Tata Zéphirin alitokwa jasho, maana dondoo litapunguza nini kama hakuna cha kupunguza? Akawaomba wachoke vizuri zaidi, kizalendo. Wakashuka, wakapanda tena. Kijani.

Sadrack akamwonea huruma. "Shefu, mwili ilishazoea," alimwambia taratibu. "Siye tunabeba kila siku."

Tata Zéphirin akaandika katika ripoti kwamba wachimbaji wamekataa kushirikiana na uchovu.

Ijumaa mvua ilinyesha, na gari lake likakwama kwenye tope chini ya mlima. Kwa kuhofia kuchelewa, alikumbatia katoni ya vichupa akapanda mbio hadi machimboni. Mkaguzi, Mama Jessica Nkongolo, alikuwa amefika zamani kwa pikipiki. Alikuwa ameshawapima wachimbaji wote. Akauliza kama Divisheni nayo imepimwa.

Tata Zéphirin akatoa kidole kwa fahari, maana tangu asubuhi alikuwa amekunywa vichupa vitatu. Kipimo kikawaka nyekundu, kikaanza kulia mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Akanywa cha nne. Akanywa cha tano. Kipimo kililia vile vile, na tumbo likajibu.

Mama Jessica alikuwa mtu wa kusoma amri mpaka mwisho. Akasoma kifungu cha tisa kwa sauti, kisha akatafuta mtu aliye karibu. Alikuwa Mwamini, beseni kichwani, anaondoka kama barua ilivyosema. Akapimwa bila kulitua. Kijani.

"Mi sijue kazi ya ofisi, mama," Mwamini alisema.

Mkaguzi akamhakikishia kwamba hilo halijawahi kuwa kikwazo.

Kitendo cha kwanza cha mkuu mpya kilikuwa kutua beseni pale pale lilipokaa siku zote. Cha pili kilikuwa kumvisha Tata Zéphirin kile kipimo tena, akae nacho mpaka kiwake kijani, na kumwonyesha magunia ya kupandisha ili mwili uzoee.

Tata Zéphirin akamgeukia Sadrack, akamuuliza mwili unachukua muda gani kuzoea.

"Miaka kumi na mbili," Sadrack alijibu. Akafikiri kidogo. "Na inaumaka mpaka leo, Tata. Ni mashine tu haijue."

 Tata Zéphirin angependa kusema pole, na pengine angesema, lakini vile vichupa vitano havikumpa nafasi. Akauliza choo kiko wapi. Sadrack akanyoosha mkono ng'ambo ya shimo, kule juu kabisa, na Tata Zéphirin akaupanda ule mlima mbio, kipimo kikilia kidoleni mwake njia nzima.