Viganja Visivyopigwa Mhuri

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

KUHUSU: TANGAZO LA MWALIMU WA REIKI MLILOLICHAPA MARA TATU BILA KULIPIMA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote ulio nao hapo ofisini. Mimi si mtu wa ugomvi. Nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na minne, nimestaafu salama, na sokoni bado wapo wanaoniita Bwana Ratili, wengine kwa heshima, wauza nyama kwa sababu zao. Katika miaka yote hiyo sikumwita mtu mwizi kabla sijaweka jiwe langu juu ya mizani yake. Ndiyo maana hata leo sisemi kwamba mwalimu huyu ni mwongo. Nasema hajapimwa.

Kisa chenyewe ni bega la mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na tangu mwanzo wa mwaka bega lake la kulia limegoma. Mkono haupandi kupita kifua. Hospitali walimpa karatasi ya mazoezi: atambaze vidole ukutani mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Wakamwonya kwamba akiacha, bega litaganda kabisa. Kisha likatoka tangazo lenu lisemalo kwamba reiki, tiba ya kuwekewa viganja vitoavyo nishati, haihitaji mazoezi yanayouma, na mke wangu akaikunja karatasi ya hospitali akaisokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba. Naogopa, Ndugu Mhariri, wala sioni aibu kusema. Mke wangu bila cherehani yake simjui.

Basi nikaenda kukagua, ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi nilikwenda na moyo mweupe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo linataja "uzoefu wa zaidi ya miaka sitini". Nilimkuta mama mwenye adabu zake, umri hauzidi arobaini na mbili. Nilipomuuliza kwa upole, akanieleza kwamba amejumlisha miaka yake minne, na ya mwalimu wake, na ya mwalimu wa mwalimu wake, kwa kuwa nishati hurithiwa. Nilipofika nyumbani nikajipigia hesabu hiyohiyo, nikiwaingiza walionifundisha kazi na waliowafundisha wao. Nina uzoefu wa miaka mia moja na kumi na minane, na nilipopanda ngazi zake hakuna aliyenishika mkono.

2. Vyeti ni tisa, vyote vimefunikwa plastiki, vimepangwa ukutani kwa ukubwa. Cheti si karatasi, cheti ni sahihi, kwa hiyo nikazifuata sahihi. Cha ualimu cha mwalimu wetu kimesainiwa na mwenye saluni wa mtaa wa nyuma, mtu mcheshi, aliyeniruhusu kukisoma chake huku akimsuka mteja. Cha mwenye saluni kimesainiwa na karani mstaafu wa benki anayefundisha kwa video. Nikamwandikia karani. Hakuchelewa, Mungu ambariki, alinitumia picha ya cheti chake siku hiyohiyo. Kimesainiwa na mama wa ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Yaani watu watatu wamevuka mto kwa kubebana mgongoni, kila mmoja kabebwa na mwenziwe, na hakuna aliyelowa miguu. Niliporudi kumuuliza mwalimu ni nani basi aliyeanza, aliniambia swali hilo ndilo linaloniziba kifua.

3. Asilimia tisini na tisa ya wateja hupona. Niliomba kuona daftari. Hakuna daftari.

4. Kwenye kipeperushi kuna picha ya wakili aliyepona kipandauso, na chini yake mama wa watoto watatu aliyepona mgongo. Ni mtu mmoja. Wakili amevaa miwani. Nilimtambua bila shida kwa sababu ndiye aliyenifungulia mlango.

5. Tiba ya mbali. Mke wangu aliahidiwa kutumiwa nishati saa nne kamili asubuhi, akae tu nyumbani atulie. Akatulia. Saa nne na dakika mbili akaniita kwa furaha kwamba bega limepata joto, hata jasho linamtoka. Saa sita ikaingia simu ya mwalimu akiomba radhi: hakutuma kitu, alikuwa kwa daktari wa meno anang'olewa gego. Mganga hajigangi, hilo nalielewa na jino simlaumu. Ninachouliza ni joto lile lilitoka wapi, na nani atalitolea maelezo. Mke wangu yeye alishamaliza maelezo. Alisema mwalimu ana nguvu kiasi kwamba hata akisahau, inafika.

6. Kipimo. Nilibeba mizani yangu ya zamani, nikamwomba mwalimu aweke viganja juu ya sahani yake bila kugusa. Mshale haukutikisika. Akanifafanulia, kwa subira kubwa, kwamba nishati haina uzito. Nikamwambia vema, lakini kitambaa huuzwa kwa mita na mafuta kwa lita, yeye huuza kwa nini? Akajibu kwamba huuza kwa kikao, na kikao ni nusu saa. Nilimshukuru kwa dhati, nikatoa saa yangu. Kikao cha kwanza cha mke wangu kilikuwa dakika ishirini na nne. Cha pili, ishirini na tano. Cha tatu, ishirini na mbili! Hapo ndipo damu iliponichemka. Kama ni dawa, mgonjwa amepunjwa dawa. Kama ni hewa, amepunjwa hewa, na mimi katika kazi yangu sikuuliza debe lina nini ndani, nilitaka lijae.

7. Kwa kuwa kanuni huonyeshwa wanafunzi peke yao, nilijiandikisha. Jumamosi nikapata daraja la kwanza, Jumapili asubuhi la pili, Jumapili alasiri ualimu. Kwenye mizani nilisota miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika mhuri. Wakati wa kufunguliwa nishati nilipitiwa na usingizi, na darasa likaambiwa kwamba kukoroma kwangu ni dalili ya mtu anayepokea kwa wingi. Sasa nina cheti. Tena nimeombwa, kwa heshima zote, nisaini kile cha karani wa video, kwa kuwa cha zamani kimefifia wino.

Kutokana na hayo naomba gazeti lako lianzishe rejista ya walimu wa reiki, na kila mwaka viganja vyao vikaguliwe na kupigwa mhuri wenye tarehe, kama mizani ya sokoni. Ambaye mhuri wake umefutika kwa kuosha vyombo arudi upya. Na kila tangazo lieleze mwalimu kafundishwa na nani, nani alimtahini, na ameponya wangapi kati ya wangapi. Chini yake mwandike kwa herufi nene: anayeambiwa aache mazoezi ya hospitali, akaulize hospitali kwanza.

Uniwie radhi kwa urefu wa barua. Nisalimie wachapaji, mpiga picha wenu, na binti wa mapokezi aliyenipa maji nilipokuja kuuliza habari hii. Mke wangu angekusalimu pia, ila hajui kama naandika.

Wako katika kupima kwa haki,

Bwana Ratili
Mkaguzi wa Mizani na Vipimo (mstaafu)
Mwalimu wa Reiki (tangu mwezi uliopita)

Nyongeza: Kozi ile hutoa kazi ya nyumbani: kila jioni nusu saa, viganja juu ya bega la mtu, siku ishirini na moja, bila mwenye viganja kusema neno. Nilimchukua mke wangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Siku za mwanzo nilitazama saa. Siku ya nne akaanza kunisimulia kwamba bega lilianza kumuuma mwaka juzi, na hakuniambia kwa sababu alijua nitalikagua. Nilitaka kujitetea, lakini kanuni zinakataza kusema, basi akaendelea, na nikasikia mambo ambayo sikuyasikia katika miaka thelathini ya ndoa. Baadaye nilimwambia, kama mwalimu, si kama mumewe, kwamba nishati yangu haiingii mpaka kwanza atambaze vidole ukutani mara tatu kwa siku. Hilo nililitunga mwenyewe. Alitii. Jana ametundika shuka kwenye kamba kwa mkono wa kulia, akanigeukia akasema ni mikono yangu. Siku ishirini na moja zimekwisha, leo ni ya thelathini na mbili, na kila jioni ananisogezea kiti. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakusihi usiichape barua hii. Mke wangu husoma ukurasa wako kila Alhamisi, na akijua nisiyoyaamini ataniambia niiondoe mikono, nami sijui nitaipeleka wapi.