Habari za Shangazi na Taa ya Manjano

Sogeeni, enyi mliosukuma magari kwa mabega huku mwenye usukani akiwaambia hamna nguvu. Sogeeni nanyi mlioambiwa "injini imekufa" na mtu asiyejua hata boneti hufungukia wapi. Nanena habari za Shangazi, mshona mapazia, Simba wa Cherehani, aliyelifungua gari na kulifunga, akalifungua na kulifunga, hata likamtii.

Gari lile Babu aliwaachia yeye na kaka yake, Baba Mkubwa. Lakini sisi husahau majina, hatusahau dhuluma: likitaka kusukumwa liliitwa la Shangazi, likitakiwa harusini liliitwa la Baba Mkubwa.

Basi asubuhi moja taa ya manjano ya injini iliwaka, ikakataa kuzimika. Baba Mkubwa akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akamkalisha barazani penye meza yake ya drafti, akampa chai, akaipiga meza ngumi na kuhutubu:

"Bwana, taa hiyo ikiwaka, injini imekufa. Lichukue ukalifue sufuria."

Shangazi akatoka, pini zingali midomoni. "Kaka, na mapazia ya wateja niyabebe kichwani?"

"Mdogo wangu, ukiizima taa ile kabla mgeni hajamaliza chai, gari ni lako. Sitalidai tena."

"Mmesikia?" akatuuliza sisi wasukumaji tuliosimama uani.

"Tumesikia," tukajibu, tukaliweka neno lile mahali tunapoweka ahadi za wakubwa.

"Chai yenyewe ya moto, mama," akasema mnunuzi. "Mimi sina haraka."

Ndipo jemadari wetu alipotwaa kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu za gari, alichoazima kwa jirani dereva wa teksi, akakichomeka chini ya usukani kama achomekaye mkuki katika ubavu wa nyangumi. Kioo kikatamka: P0455. Wanyonge wa moyo wakarudi nyuma. Yeye akausoma msimbo ule kama asomaye barua ya mkwe.

"Mvuke wa petroli unavuja, tena pakubwa. Injini yenyewe ni nzima kabisa."

Akaizunguka ngome ile ya bati hata mdomo wa tangi, na tazama, mahali pa kifuniko pamezibwa kwa tambara, nalo tambara ni ukosi wa shati la Baba Mkubwa.

"Kaka, kifuniko kiko wapi?"

"Kilipotea. Vitu hupotea, dunia ndivyo ilivyo."

 Shangazi akaitazama meza. Meza iliyoyumba tangu enzi za Babu, leo imepigwa ngumi na chai haikumwagika tone! Akapiga magoti, akanyoosha mkono wa kishujaa, na chini ya mguu ule mfupi akang'oa kifuniko cheusi cha tangi. Meza ikainama, kete zikatawanyika kama jeshi lililosikia mshahara umefutwa, chai ikaishia kwenye suruali ya Baba Mkubwa.

"Nilikuwa nakihifadhi," akasema Baba Mkubwa.

Mnunuzi akakitazama kikombe. "Sijamaliza," akashuhudia, "na sasa sitamaliza."

Shangazi akakikaza kifuniko, tka, tka, tka, akaufuta msimbo, akawasha. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, nasi tukabana pumzi. Injini ikanguruma. Ya manjano ikazimika.

Akapakia mapazia, akaondoka bila kusukumwa na mtu.

Yaandikeni haya, maana wakubwa hawatayaandika. Hadi leo achezaye drafti kwenye baraza ile huishikilia meza kwa goti. Huo ndio mnara wetu wa ushindi, na kila anayekuja na kabari ya kuuzuia usiyumbe, tunamrudisha nayo kwao.