Mabegi Thelathini na Moja ya Turubai

Jumatatu, tarehe 3
Nimepata! Robota zima la mabegi ya jeshi, ya zamani, turubai ngumu, thelathini na moja. Muuza marobota mwenyewe hajui yalibeba nini. Hajui! Ndiyo maana amekubali tubadilishane na cherehani ya mke wangu. Kwa muda tu. Kuna bwana mmoja anayekusanya vitu vya kijeshi, amenipigia simu: atakuja Jumamosi asubuhi, na akihakikishiwa mabegi ni ya kazi gani, anachukua yote. Jioni yake nakomboa cherehani. Nikichelewa, inakwenda kwa fundi mwingine. Mke wangu yuko kwa dada yake aliyejifungua, anarudi Jumapili. Mpango umekaa sawa kabisa.

Jumanne, tarehe 4
Nimechunguza begi moja tangu asubuhi. Mkanda mmoja wa begani. Ndani mifuko sita myembamba, na mmoja mnene wa mviringo uliotandikwa kipande cha blanketi. Chini, tundu lenye pete ya shaba. Tundu la nini? Darubini haihitaji tundu. Risasi zingedondoka njiani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi viatu wa kibanda cha jirani, kasema ni mabegi ya kubebea kuku na tundu ni la mavi. Soko zima likacheka. Kisha akaulizia suruali yake aliyomwachia dada yake aipunguze. Eti apite nyumbani aichukue mwenyewe pale juu ya cherehani. Nikasema ufunguo umepotea. Akaniuliza basi mimi naingiaje kulala. Mtu mbaya!

Jumatano, tarehe 5
Nimekwenda kwa afande mstaafu wa mtaa wa pili, na kilo moja ya sukari mkononi. Akashika begi, akafumba macho, akatamka: upawa. Mifuko sita, pawa sita. Ule wa mviringo? Upawa mkubwa. Tundu? La kuchuruzisha supu. Nikaandika yote kwa furaha. Nikiwa mlangoni mkewe akaninong'oneza kwamba mzee alikuwa mpishi jeshini miaka ishirini na miwili, na kila akionyeshwa kitu husema ni cha pawa. Mwezi uliopita alisema hivyo kuhusu kiti cha meno cha daktari.

Sukari imebaki kwake. Siku zimebaki tatu.

Alhamisi, tarehe 6
Sijapata jibu, lakini nimepata akili. Miaka tisa nauza mitumba, najua jambo moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mabegi yalikuwa machafu! Nimeyaloweka yote, nikayasugua kwa brashi na dawa ya madoa. Kazi kubwa ilikuwa ndani ya vifuniko. Kila begi lilikuwa na wino mweusi, herufi na tarakimu, mihuri imebandikana ovyo. Vidole vimechubuka lakini hakuna alama hata moja iliyobaki. Yanang'aa.

Mke wangu kapiga simu kuuliza kama cherehani nimeifunika, vumbi lisiingie. Nikamjibu iko mahali salama. Si uongo. Lakini baada ya simu nilikaa kitako sakafuni, pale ilipokuwa cherehani.

Ijumaa, tarehe 7
Nimeyapiga pasi. Shemeji kapita mara tatu, mara ya mwisho akinuna. Anasema Jumapili atakwenda kumpokea dada yake stendi. Nani kamwomba?

Jumamosi, tarehe 8
Bwana mkusanyaji kafika na lenzi na kitabu kinene. Hakutazama mifuko. Hakutazama tundu. Kafungua kifuniko, kaweka lenzi, kakifunga. Begi la pili. La tatu. Akauliza mihuri iko wapi, ya kiwanda, mwaka na kikosi, maana hiyo ndiyo inayosema begi ni la kazi gani.

Nikamwomba dakika mbili. Nyuma ya kibanda nikachukua kalamu nene nyeusi na begi moja. Namba! Nilikuwa sikumbuki hata moja. Nikaandika iliyokuja kichwani. Bwana akaisoma, akatoa simu yake, akalinganisha. Ilikuwa namba yangu ya simu. Ileile aliyonipigia Jumatatu.

Hakugomba. Alisema kwa huzuni kwamba sasa hakuna atakayejua kamwe, akaondoka. Jioni nilimsihi muuza marobota aniongezee siku moja. Kumbe fundi alishakuja na mkokoteni akaichukua.

Jumapili, tarehe 9
Mke wangu aliona alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu kwamba ile cherehani aliinunua kwa kushona sare za shule kwa mkono miaka mitatu, kabla hajanijua. Akatoka na kaka yake. Amerudi saa kumi. Yule fundi hataki kuirudisha, lakini anahitaji kibarua. Kuanzia kesho mke wangu atakaa kwenye karakana ya watu na kushona kwenye cherehani yake mwenyewe, kama mwajiriwa.

Nimeona aibu. Kweli nimeona.

Muuza marobota kapiga simu sasa hivi. Amepokea masanduku ya chuma ya jeshi, kumi na mawili, yamefungwa, hayana funguo, na ukiyatikisa yanalia. Hajui ni ya nini. Hajui! Anataka kubadilishana na kitu chochote cha mbao. Na meza ya mke wangu ya kukatia vitambaa, kuanzia kesho, itakuwa imekaa bure.