Kupinga Picha ya Jirani Aliyekumbatia Chungu Changu

Oberkassel, Düsseldorf
17 Novemba

Kwa Mhariri, Jarida la Chama cha Wajapani wa mji huu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mafua uliyokuwa nayo siku ya mashindano yamepungua. Nimeamua kuamini kwamba ni mafua hayo yaliyokuharibia ulimi ulipokaa kwenye meza ya majaji.

Mimi ni Yasunori Kuwabata, mhandisi mstaafu wa pampu, mkazi wa mji huu kwa miaka thelathini na mmoja, na mwimbaji wa besi katika kwaya ya chama (safu ya mwisho, nyuma ya nguzo). Jumapili iliyopita, kwenye mashindano ya mapishi ya nyumbani, mlimpa zawadi ya kwanza ya achari jirani yangu wa ghorofa ya chini, Bi Roswitha Terhorst, dereva mstaafu wa tramu, Mjerumani wa kuzaliwa, ambaye Japani anaiona kwenye kalenda tu. Nasikia picha yake itatoka ukurasa wa mbele toleo la Desemba. Napinga, kwa heshima zote, kwa sababu zifuatazo.

1. Chungu ni changu. Alinipa mama yangu, Bi Tomiko wa Kanazawa, nilipohamia huku, kikiwa kimejaa pumba za mchele zilizochachuka tangu kabla sijazaliwa. Nilikipakata ndani ya ndege, na abiria wa kiti cha pembeni aliomba kuhamishwa. Wewe mwenyewe unajua kinavyotunzwa: unafukia mboga ndani ya pumba, na kila siku ya Mungu unazigeuza kwa mkono mtupu, na ladha ya mkono huo ndiyo inayoingia kwenye achari. Chungu cha familia kinataka mkono wa familia.

2. Bi Terhorst aliazimwa tu. Machi mwaka jana mama alivunjika nyonga, nikaenda na mke wangu kumuuguza wiki tatu. Nilimwachia jirani chungu pamoja na maelekezo ya kurasa nne, kwa Kijerumani safi. Alisoma ukurasa wa kwanza. Niliporudi alinifungulia mlango na sahani ya matango mkononi, akaniambia, "Bwana Kuwabata, hiki chungu kilikuwa na njaa. Ulikuwa unakilisha nini?" Nikaonja. Ndugu Mhariri, nilimaliza sahani nzima nikiwa nimesimama pale mlangoni, koti mwilini na sanduku mkononi. Kukirudisha chungu juu nikaona ni usumbufu, hasa kwa mgongo wangu.

3. Hafuati utaratibu. Anamimina humo bia iliyobaki. Anafukia figili za bustani yake pamoja na majani yake. Anakisemesha chungu kwa lafudhi ya huku, na kukisimulia habari za abiria wakorofi aliowahi kuwabeba. Nimemwonya mara mbili. Ni kweli kwamba mara zote mbili nilikuwa nimeshuka kuomba achari, lakini onyo ni onyo.

4. Ndoa yangu inaingiliwa. Tangu nistaafu mimi ndiye mpishi wa nyumba. Wali wangu huungua chini na kubaki mbichi juu, jambo ambalo mwalimu wa darasa letu la mapishi la wanaume alisema hajawahi kuliona kwenye sufuria ya umeme inayojizima yenyewe. Mke wangu Setsuko alivumilia yote hayo kimya. Sasa kila asubuhi anashuka ngazi na bakuli lake, na kupanda akiwa na furaha. Achari zangu, kwa miaka ishirini na tisa, alizisifu kwa maneno haya tu: zina chumvi ya kutosha.

5. Hili ndilo linaloniumiza, na hapa sitanii. Agosti dada yangu Fumie alikuja kututembelea, akaondoka na pakiti ya achari kumpelekea mama. Mama ana miaka tisini na mmoja, na hajawahi kusifu chakula chochote nilichogusa. Alinipigia simu. "Yasu," akasema, "mkono wako umekomaa. Sasa hata nikifa, ladha ya nyumbani iko mahali salama." Ningeweza kumwambia ukweli kwa maneno matatu. Nikasema asante mama, kisha nikamfafanulia siri ya mkono wangu kwa dakika ishirini.

Na mama analipokea jarida lako kwa posta. Nilimwandikisha mwenyewe miaka minane iliyopita, ili anione kwenye picha za kwaya. Analisoma lote, hadi matangazo ya madaktari wa meno. Desemba atafungua na kumkuta mwanamke wa Kijerumani amekumbatia chungu ambacho mama anakijua kwa pengo lililo kwenye ukingo wake. Atajua kwamba mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alimdanganya kuhusu tango.

6. Kwa hiyo naomba zawadi ihamishiwe kwangu. Ikishindikana, picha ikatwe, kibaki chungu peke yake. Ikishindikana hata hilo, chini ya picha paandikwe "Msaidizi wa Bwana Kuwabata". Nimemshirikisha Bi Terhorst katika hili, kama ungwana unavyotaka. Alikuwa anaosha figili, wala hakugeuka. "Andika utakavyo," akanijibu. "Mimi nimeendesha tramu miaka thelathini, na hakuna abiria aliyelijua jina langu. Lakini mama yako mwambie wewe."

Nisalimie kamati nzima, mwalimu wa kwaya, na wote walioosha vyombo Jumapili bila kutajwa jina.

Wako mtiifu katika masikitiko,
Yasunori Kuwabata

N.B. Nilipokuwa natafuta stempu, maneno ya Bi Terhorst yalinikaa rohoni, nikampigia mama na kumwambia kila kitu. Mama akasema, "Nilijua tangu kipande cha kwanza. Nilikusifu nione utajibu nini, nawe ukanihutubia dakika ishirini. Zako ulizokuwa ukiniletea nilizila miaka yote kwa sababu ni zako, Yasu. Huyo mama ana mkono kama wa bibi yako. Mwambie asiache. Na wewe usikiguse tena hicho chungu."

Kwa hiyo zawadi ibaki ilipo, na picha itoke. Naomba tu iwe kubwa, ukurasa mzima ikiwezekana, na mikono ya Bi Terhorst ionekane vizuri. Macho ya mama yamechoka, na anataka kuiona.